Shanga Zisizoonekana

Mama wa hesabu ofisini kwetu hana abakasi, ile fremu ya shanga za kuhesabia, mezani, ila vidole vyake havijaambiwa. Ukimtajia urefu wa nyaya na nafasi kati yake, vinaanza kusukuma shanga zisizokuwepo, tap-tap juu ya meza tupu, huku mdomo unanyonya kokwa ya plamu ya chumvi. Siku ile tulitaka kujua laini mpya ya milimani itauzuia umeme kwa kiasi gani, ili swichi za kinga zitegeshwe sawasawa kabla ya msimu wa radi.

“Omu arobaini,” akasema.

Kompyuta ya Kuwabara, mhandisi mgeni, ilisema arobaini na nane.

“Mama, mashine hii haikosei!” Kuwabara akacheka.

“Kweli haikosei. Kwenu wapi, mwanangu?”

“Osaka.”

Akapiga meza kwa furaha mpaka kokwa ikamtoka mdomoni. “Basi umevuka Mto Fuji, mpaka wa umeme wetu na wenu, na umeme wa kwenu mfukoni! Kwenu unapiga mara sitini kwa sekunde, huku kwetu hamsini, na ukipiga haraka zaidi, laini huuzuia zaidi!”

Kuwabara, masikio yamemwiva, akabadilisha sitini kuwa hamsini kwenye kompyuta. Arobaini! Tukashangilia kama tumefunga bao. Mama hata kioo cha kompyuta hakukitazama. Alishapangusa meza kwa kiganja, shanga zote zikarudi mahali pake.

“Haya,” akasema, vidole juu. “Nyingine!”