Mzee Asiye na Ng'ombe

Nilitoka Mtwara kwa basi, nikalala Dodoma, nikapita Singida, na nilipofika Katesh vumbi lilikuwa limeniingia hadi masikioni. Pikipiki ikanipandisha Endasak. Nimezoea kuhama. Begini nilikuwa na nguo chache na kitabu cha mashairi ya Kiingereza nilichobaki nacho tangu sekondari, ya watu wa zamani waliopenda milima na kukasirika malisho ya wote yalipozungushiwa uzio.

Nilipanga chumba kwa mama mjane, mkulima wa mahindi na maharage. Jirani yake wa bondeni alikuwa mzee wa Kibarabaigi, mfugaji. Mwaka ule wakulima kadhaa walitaka kulima eneo lote la chemchemi. Likilimwa, ng'ombe wa mzee wangekosa njia ya maji, naye angelazimika kuhama.

Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama nikawafasiria shairi moja la kuyalilia malisho. Mzee akanisikiliza hadi mwisho.

"Huyo mzee wa shairi ana ng'ombe wangapi?"

"Hakuwa na hata mmoja, mzee."

"Hata ndama?"

"Hata ndama."

Watu wakacheka sana. "Sasa malisho yanamhusu nini?" mmoja akapaza sauti. Nikakaa chini kwa aibu. Nilisahau kwamba huku mtu asiye na mifugo hazungumzii majani.

Mama mwenye nyumba wangu akainuka. "Asiye na ng'ombe akililia malisho, huyo hatafuti chake. Mimi namwamini kuliko ninyi. Na samadi ya shamba langu natoa wapi? Kwenye zizi la huyu mzee. Akihama, mtanipa ninyi samadi?"

"Tutakupa yetu, mama!"

"Yenu majirani wanaisikia harufu tu, shambani haifiki."

Hata mwenyekiti alicheka. Chemchemi ikaachwa bila kulimwa, na njia ya ng'ombe ikabaki wazi.

Miaka yote nilisoma mashairi yale kujifariji nikiwa peke yangu. Namshukuru yule mama, maana bila yeye nisingejua kwamba yanaweza pia kusemwa mkutanoni.

Nilikaa misimu kadhaa, kisha miguu ikaanza kuniwasha. Asubuhi niliyoondoka moja kwa moja, dereva wa pikipiki alizima injini: ng'ombe wa mzee walikuwa wanavuka kwenda majini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unahama na hakuna aliyekufukuza?"

"Ndiyo, mzee."

Akatikisa kichwa, akacheka, akanishika mkono kwa muda mrefu. Kundi lilipokwisha kupita, tukashuka Katesh.