Zawadi ya Leo Handakini

Jamani, leo Mama Kawira amewashinda wote kuchimba handaki la kuzunguka kijiji, akapewa kipande cha sabuni.

Mnajua hedimani wetu, mkuu wa kijiji aliyewekwa na Wazungu, hubadilisha zawadi kila siku ili watu wachimbe kwa bidii. Juzi alitoa chumvi. Jana alitoa pasi, karatasi ya ruhusa ya kutoka kijijini; bila hiyo askari hawamwachi mtu apite.

Mama Kawira aliitaka hiyo pasi. Mtoto wake anaharisha siku ya nne sasa, na hospitali iko Embu mjini.

Leo alichimba tangu asubuhi, akidhani zawadi bado ni pasi, mtoto mgongoni, mpaka viganja vikatoka damu.

"Hedimani, nipe pasi niende."

"Pasi ilikuwa jana, mama. Leo ni sabuni. Si umwoshe huyo mtoto!"

Askari wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, kwa woga.

Karani wa hedimani ni mimi, kwa sababu nimesoma. Yeye hajui kusoma hata jina lake. Hugonga muhuri popote ninapomwonyesha.

Karatasi za pasi zilikuwa hapo mapajani mwangu.

Mama Kawira akanitazama. "Mwanangu," akaniita, polepole.

Niliinama nikaandika: sabuni, moja.

Sasa mtoto hata kulia ameacha.

Ninyi mngefanyaje? Msinionee huruma.