Mke wangu alisugua kioo cha helmeti yangu kwa majivu, nikamwambia kimependeza

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi humu kuna kijana aliuliza kioo cha helmeti kinasafishwa na nini. Watu wakamjibu dawa ya meno, wengine mafuta ya taa, mmoja kamwambia mate. Nilicheka, halafu nikakumbuka yangu.

Mimi kioo cha helmeti kilikaribia kunitoa roho, na kosa halikuwa la kioo. Nitasimulia kama lilivyokuwa. Anayetafuta chai, stori za kutunga, ahamie uzi mwingine, hapa kuna majivu tu.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, enzi za ruksa. Wa rika langu mnakumbuka. Muda si mrefu nyuma yake hata sabuni ilikuwa ya foleni, mara maduka ya Dodoma yakajaa vitu mpaka nje kwenye baraza. Mitumba, redio, baiskeli, vipuri vya kila aina.

Nilikuwa bwana mifugo, mgeni kazini, kituo changu Ihumwa. Nimepanga chumba kimoja mtaa wa Kikuyu, hapo hapo Dodoma mjini, nimepewa pikipiki ya kazi nyekundu na kofia ngumu ya kizamani isiyo na kioo.

Sasa nivumilieni na jiografia kidogo, maana ndiyo uzi wenyewe. Ihumwa ipo mashariki ya mji. Asubuhi unakwenda, jua liko usoni. Jioni unarudi, jua limeshahamia magharibi, liko usoni tena. Hapo hujaweka vumbi na ule upepo wa kiangazi. Nilikuwa nafika kazini utafikiri natoka mashine ya kusaga.

Nikaenda kwa Mzee Salum, alikuwa na duka la vipuri jirani na soko. Mtu wa mjini haswa, ukoo wao ulikuwa kwenye biashara tangu zamani za misafara. Hakuwa na haraka ya kukuuzia kitu.

Mimi nilitaka helmeti yenye kioo cheusi. Vijana wenye pikipiki walikuwa wanavaa hivyo, sura haionekani, mabinti wanabaki wanauliza ni nani yule.

"Asubuhi utapendeza," Mzee Salum akaniambia. "Jioni kigiza kikianza kuingia hujafika nyumbani, utaona nini na hiyo miwani ya jua kichwani?"

Akanitolea yenye kioo cheupe. Akakishika kwa mkono ulionyooka na kuniambia nitazame nguzo ya umeme kupitia hapo, huku yeye anakisogeza taratibu kulia na kushoto. Nguzo ikabaki imenyooka. Akatoa kingine, nguzo ikapinda kama nyoka. "Hiki kitakuumiza kichwa, na shimo la kulia utaliona liko kushoto," akasema, akakirudisha.

Kumbukeni hilo mnapokwenda kununua, ni bure na linachukua dakika moja.

Kisha akanipa somo. Kwamba hiki si kioo cha dirisha, ni plastiki. Kwamba vumbi ni mchanga, ukikifuta kikavu umekipiga msasa. Maji kwanza, kiloweke, sabuni ya kipande, vidole vyako mwenyewe, suuza, basi.

Nikaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee. Akili ilikuwa tayari iko barabarani.

Nyumbani alikuwepo Yunisi. Tulikuwa na miezi mitatu ya ndoa. Yeye ni mtu wa Bahi, kwao walikuwa wanalima mpunga, na alilelewa na bibi yake.

Yunisi alikuwa na sifa moja pale uani: sufuria zake. Mnajua kwetu mke mpya anatazamwa kwenye sufuria. Zinaanikwa kwenye uchanja asubuhi, kila anayepita anazikagua bila kusema. Za Yunisi ungeweza kujitazama ukachana nywele. Alizisugua kwa majivu na kipande cha gunia mpaka majirani wakamwambia apunguze, anawaharibia kwa waume zao.

Jumamosi moja nimetoka kuziba tairi, nikamkuta amekaa kwenye kigoda, helmeti mapajani, bakuli la majivu pembeni. Anasugua kile kioo kwa gunia huku anaimba kwa Kigogo.

"Nipishe," akasema. "Wiki nzima unavaa uchafu kichwani utadhani huna mke."

Akakimwagia maji, akakiinua. Wakuu, kikiwa na maji kilikuwa kinang'aa kweli. Mikwaruzo ya plastiki ikilowa haionekani. Mimi nilijua. Nilisimama pale nikayakumbuka maneno ya Mzee Salum yote, moja moja.

Nikamtazama. Alikuwa na majivu mpaka kwenye nyusi, na ile sura ya mtu anayesubiri kuambiwa kitu.

Nikasema, "Kimependeza."

Kilipokauka kikawa na ukungu wa maziwa.

Unaweza kusema si ungemweleza tu taratibu. Ndugu yangu, wewe hukumwona ile sura. Sisi wawili tulikuwa bado tunaoneana haya. Alikuwa hajui nakula nini nikashiba, sijui anacheka nini akiwa na wenzake. Kile kioo kilikuwa kitu cha kwanza alichonifanyia bila kuambiwa na mtu, nami sikutaka kiwe cha kwanza kukosolewa.

Basi nikawa na utaratibu. Asubuhi naondoka kioo nimekishusha, yeye kasimama mlangoni ananiangalia. Nikikata kona nakipandisha. Jioni nikikaribia nyumbani nakishusha tena. Katikati hapo macho yangu ndiyo yalikuwa kioo.

Haikuchukua muda macho yakawa mekundu kama ya mlevi.

Na hapa ndipo mambo yalipoharibika. Bibi yake Yunisi, yule aliyemlea, alipofuka kwa ugonjwa wa vikope. Yunisi alikua akimwongoza kwa fimbo, mmoja ameshika huku na mwingine kule. Sasa akiona macho ya mumewe mekundu hakuwaza vumbi. Aliwaza ile fimbo.

Kila jioni ananikalisha chini, ananiosha macho kwa maji safi aliyoyachemsha na kuyapoza. Ananigeuza kichwa kwenye mwanga, anachungulia.

Halafu, kwa kuwa aliamini uchafu unapenya kwenye kioo, akaongeza kusugua. Ikawa siyo Jumamosi tu, ikawa na Jumatano. Akikiona kina ukungu anasema, "Hili vumbi lenu la Ihumwa lina gundi." Anachota majivu mengine.

Wakuu, nilikuwa naoshwa macho na mtu yule yule anayekisugua kioo, kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa sentensi moja mdomoni mwangu. Na bado sikuisema. Kila siku iliyopita iliizidishia uzito. Maana sasa siyo tu nitamwambia amekosea, nitamwambia nimemdanganya wiki sita.

Jioni moja upepo ulikuwa mkali, macho yananiwasha kiasi cha kutofunguka. Nikaona heri nishushe kioo. Nilikuwa natoka Ihumwa, jua limeshuka sawa na uso. Lile jua liligonga mikwaruzo yote kwa pamoja, mbele yangu pakawa peupe tupu. Sikuona barabara, wala mkono wangu kwenye usukani.

Nikasikia kengele. Kengele za mbuzi, kulia na kushoto yangu.

Nilikata usukani bila kujua naelekea wapi. Nikaingia kwenye uzio wa miiba, pikipiki ikaniacha ikaenda kulala peke yake. Nilipovua helmeti nikaona mbuzi wamenizunguka, na mama mmoja wa Kigogo, mwenye mbuzi hao, kashika kiuno. Mbuzi wenyewe niliwachanja mimi wiki iliyopita.

"Bwana mifugo," akasema, "umekuja kuwatibu au kuwamaliza?"

Halafu akaona damu kwenye kiwiko, akaacha utani. Mgongoni alikuwa na mjukuu amembeba. Yule mtoto alikuwa ananitazama tu, ana kidole mdomoni. Nilipima kwa macho kutoka pale tairi lilipokatia mpaka alipokuwa amesimama yule mama. Hatua mbili wakuu. Mpaka leo naziona hizo hatua.

Nyumbani nikasema tairi liliteleza. Yunisi alinichomoa miiba mmoja mmoja kwa sindano.

Kesho yake Jumapili, asubuhi na mapema, nimekaa kwenye ngazi ya mlango na kiwiko changu. Akaichukua helmeti aitazame kama imepasuka. Akaigeuza, akabonyeza huku na huku. Halafu akaivaa. Hakuwahi kuivaa kabla. Akashusha kioo na kugeuka upande lilikokuwa linachomoza jua.

Akasimama.

Kisha nikaona ananyoosha mkono mbele, polepole, anatafuta ukuta.

"Mbona sikuoni?" akasema. Nilikuwa hatua tatu kutoka alipo.

Nikainuka kwenye ngazi.

"Ndivyo unavyoona njiani?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ile ya kwanza."

Alikaa chini pale pale mavumbini na helmeti kichwani. Alilia humo ndani. Alikuwa anapeleka mkono afute machozi, mkono unagonga kioo, anarudia tena unagonga. Nilipiga magoti nikaivua mwenyewe.

Akaniambia, "Nilikuwa naomba kila siku Mungu asichukue macho yako. Kumbe ninayeyachukua ni mimi."

Nikamwambia si yeye, ni mimi. Nilielezwa na muuzaji nikakaa nalo. Akaniuliza kwa nini sasa, nilikuwa namwogopa? Nikamwambia hapana, nilipenda unavyokaa kukisugua. Lilikuwa jibu la kijinga lakini ndilo lilikuwa la kweli. Kisha akanipiga kofi dogo la bega, kwa bahati mbaya bega lililochomwa na miiba, tukajikuta tunacheka wote wawili.

Jumatatu tulikwenda pamoja kwa Mzee Salum. Yunisi akamwamkia, "Shikamoo babu," akaweka kile kioo mezani na kusema mwenyewe kabla hajaulizwa, "Ni mimi niliyekisugua. Kwa majivu."

Mzee hakucheka. Alinigeukia mimi. "Nilikueleza. Mwenzio ulimweleza?"

"Hapana, mzee."

"Basi kwa nini yeye ndiye anayeomba radhi?"

Nikakivuta kile kioo upande wangu wa meza.

Mzee akaweka vioo vitatu mezani, akamfundisha Yunisi ile ya nguzo ya umeme. Nikakaa pembeni kama mzigo. Yunisi alivipima vyote, akavirudia, akamwomba mzee atoke nje avisogeze kwenye jua. Alichochagua nilikitumia mpaka nilipohamishwa kituo.

Na huu ndio utunzaji wake, kijana uliyeuliza, ambao tangu siku ile ulikuwa kazi yetu wawili. Jioni unalaza kitambaa chenye maji juu ya kioo, unakiacha vumbi lilainike wakati chai inachemka. Ndipo unapaka sabuni kwa vidole, usisugue, unasuuza. Kukaushia tafuta kanga iliyochoka. Kitenge kipya kinakwaruza. Yunisi alichana ncha ya kanga yake mwenyewe, ikawa inakaa mfukoni mwangu. Petroli na mafuta ya taa visikisogelee. Usiilaze helmeti kifudifudi chini. Na kikishafika mahali jua likikipiga pakawa peupe, nunua kingine, usikionee huruma hata kama kina kumbukumbu.

Fundisho nililopata siyo la helmeti sana. Nilidhani namtunza mke wangu kwa kumficha kosa lake. Kumbe nilimwacha peke yake na hofu ya upofu wiki sita nzima, na mtoto wa watu alikuwa hatua mbili kutoka kwenye tairi langu. Sijajisamehe kirahisi.

Nimalizie na hili. Mwaka jana ule ukungu ulirudi. Asubuhi nimetoka nje, jua likanipiga, mbele pakawa na maziwa. Nikapeleka mkono usoni kupandisha kioo, nikakumbuka sijavaa helmeti. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili.

Niligeuka nikarudi ndani kabla hata sijanawa. Nikamwambia Yunisi, sioni vizuri.

Akaweka chini alichokuwa ameshika. "Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Akanishika mkono. Akasema, "Basi safari hii umewahi."

Jicho moja limeshafanyiwa upasuaji, la pili linasubiri zamu. Karibuni wakuu, semeni na nyie mmewahi kumnyamazia mtu kitu gani kwa kumpenda, na kiliwafikisha wapi. Wenye ujuzi wa vioo vya kisasa nisahihisheni.

Na mjue majibu yenu yatasomwa na wawili. Daktari amenikataza simu mpaka la pili lipone, kwa hiyo uzi huu nimesema mimi, kachapa Yunisi. Pale kwenye majivu aliacha kuchapa, nikajua anataka kufuta.

Nimemwomba anisomee. Hajafuta.