Mbuzi wa Kupunga Upepo

Miaka ile ya foleni za mchele, nilipomaliza eda ya mume wangu, nilipanga kwenda Kiwengwa kwa dada yangu, nikapunge upepo wiki mbili. Sikuweza kumwacha mbuzi wetu. Marehemu alimlea uani kwa maziwa ya chupa, na tangu mazishi alikuwa akilala mlangoni kwangu. Nikanunua kamba mpya, nikamwomba dereva wa gari la abiria la shamba atuwekee nafasi nyuma, na amfikishie dada salamu kwamba nakuja na mbuzi.

Kesho yake dereva akasimama barazani.

"Bi mkubwa, dadako kafurahi. Keshaalika kijiji kizima, khitma ya marehemu Ijumaa. Shemejio ananoa kisu."

Nikaiweka chini ile kamba mpya.

"Mbuzi haji kuchinjwa," nikamwambia. "Anakuja kupumzika, kama mimi."

Alinitazama usoni kuona kama natania. "Mbuzi apumzike? Kachoka kwa kazi gani?"

Nani hupeleka mbuzi kwa ndugu zake baada ya msiba, kisha akasema huyu si wa kuliwa? Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja.

Nilimwacha mbuzi kwa jirani, nikaenda peke yangu na mchele wangu wote wa mwezi. Watu walisoma khitma, wakala wali kwa mchuzi wa papa mkavu. Dada hakunisemesha. Siku ya tatu nikarudi mjini.