Baiskeli Zilipopewa Maji

Juzi niliona baiskeli imeegemea ukuta wa duka, nikakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, nikiwa mtoto, kabla kwetu hatujaijua baiskeli. Wajerumani, tuliowaita Wadachi, walishuka mlimani kwa baiskeli, kundi zima, wakazilaza mbele ya tembe yetu. Zilinuka mafuta. Moja ilitoa pumzi, fsss, nikadhani inakufa kwa kiu.

Bibi akaleta chungu cha maji yetu ya mwisho.

“Na ndama wetu, bibi? Anaumwa!”

“Ndama yuko kwao. Mnyama wa mgeni hunywa kwanza.”

Mdachi mmoja akachomoa utumbo mweusi wa gurudumu, akauchovya. Mapovu yakapanda.

“Anayamaliza!” nililia. Leo najua yule Mdachi alikuwa akitafuta tundu linalovujisha upepo.

Walipoondoka, chungu kilikuwa bado kimejaa. Bibi akamsogezea ndama.

“Mnyama mwenye adabu yule,” alisema. “Kaonja tu, kambakizia mwenzake.”