Mke wangu anafunga taa za kupunguza mwanga, na wivu unanimaliza

Admin, jina langu liache pembeni, maana hapa wapo wanaonijua. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, naishi Ilomba hapa Mbeya, nina mke na mtoto mmoja wa kike. Biashara yangu ni mchele, naununua mashineni Rujewa naleta mjini. Mke wangu nimwite mama Atu. Ni fundi umeme, kasomea kabisa, na nilimuoa akiwa na bisibisi mkononi, kwa hiyo asije mtu kuniambia sikujua.

Zamani alikuwa anatandaza waya kwenye nyumba mpya pamoja na mafundi wenzake, sikuwa na neno. Mambo yalibadilika mwaka huu alipoanza kufunga vile vidude vya nyuma ya swichi. Kwa wasiovijua, ni kifaa kidogo kama kiberiti, kinaingia ukutani ndani ya boksi la swichi, halafu unapunguza au kuongeza mwanga wa taa kwa swichi ileile au kwa simu. Mteja wake wa kwanza alikuwa kaka mmoja wa mtaa wa Soweto, hapahapa Mbeya, mtu wa ofisini, anaishi peke yake, mkewe waliachana. Hilo la mke nililipata kwa kuulizia mtaani. Nilipombana mama Atu kwa nini hakuniambia, akasema yeye hakumuuliza mteja habari za ndoa, alimuuliza ana swichi ngapi.

Kazi aliyosema ya siku moja ikawa wiki. Alinieleza kwamba kwenye swichi za nyumba ile waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, haujashushwa, na vile vidude alivyoletewa haviwaki bila huo waya, hivyo inabidi apande darini avute waya mpya chumba kwa chumba. Mimi nilichosikia ni hilo la chumba kwa chumba. Alipomaliza, akapigiwa simu tena kwamba taa za sebuleni zinachezacheza zikipunguzwa. Akaenda, akarudi akasema balbu si za aina inayokubali kupunguzwa. Kesho yake akaenda tena na balbu nyingine.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba akirudi kutoka kule anakuwa na furaha. Anamenya viazi huku anasimulia jinsi mwanga unavyoshuka taratibu mpaka chumba kinatulia. Mimi najiuliza, huyo kaka mwanga hafifu chumbani anautakia nini, na wakati anaujaribu, mke wangu anakuwa amesimama wapi?

Jumamosi moja alipoitwa tena kule, nikamwambia nitamsindikiza nikamshikie ngazi. Alifurahi, jambo ambalo sikulitegemea. Yule kaka akatupokea vizuri, akaniita shemeji, akatuwekea chai. Nikashika ngazi, wao wakawa wanaongea. Kaka anamuuliza hiki kinafanya nini, waya huu kwa nini umepita hapa, na mama Atu anamweleza kwa mikono, anacheka. Jamani, sikuona baya. Yule kaka hakumgusa wala hakumtazama vibaya. Nilitamani angefanya, ningepata la kusema. Nilichoona ni kicheko cha mke wangu ambacho nyumbani sijakisikia muda mrefu, na anakitoa kwa mtu aliyemuuliza habari za waya. Mimi tangu nimuoe sijawahi kumuuliza.

Baada ya hapo dada wa huyo kaka, ambaye ana nyumba ya wageni Iringa, akataka vyumba vyake vyote vifungwe hivyo vidude. Kazi ya wiki kadhaa, na analala hukohuko. Mama Atu aliniambia akiwa ameshaipenda. Nikasema nitafikiria. Jumapili akaenda kanisani na mtoto, akasahau simu nyumbani. Nikachukua namba, nikampigia yule kaka, nikamwambia mke wangu anaumwa, watafute fundi mwingine.

Akanipa pole, kisha akasema, "Mwache apone kwanza, shemeji. Tutamsubiri."

Hilo neno lilinichoma kuliko angenitukana.

Jioni yule kaka akampigia mama Atu mwenyewe kumjulia hali. Mama Atu alikuwa jikoni, mimi nimekaa mlangoni. Nilimwona anasikiliza, ananitazama, anasikiliza tena. Nikajua nimeumbuka. Lakini akajibu, "Asante kaka, nimeshapata nafuu. Jumatatu nitasafiri." Akakata simu, akashusha sufuria, akaja kukaa karibu yangu. Hakupandisha sauti.

"Baba Atu, kila msimu wa mavuno unalala Rujewa. Niliwahi kukuuliza unalala kwa nani?"

Hajawahi hata siku moja. Na Mungu ananiona, huko nalala juu ya magunia stoo. Lakini yeye alijuaje? Aliniamini tu.

Jumatatu akaondoka. Mimi nimebaki na Atu. Kila jioni mama yake anapiga, anaongea naye kwa kirefu, mimi ananisalimia kama jirani. Nikiwa mwenyewe nafumba macho naona vyumba vile, taa zinashuka kimoja baada ya kingine, na huyo mtu amesimama kando. Jana nikashindwa, nikamuuliza kama yule kaka yupo. Akasema alikuja siku ya kwanza kumtambulisha kwa dada yake, akarudi Mbeya. Kisha akaniambia, "Njoo uone mwenyewe. Ila ukija, njoo kama mume wangu, usije kama askari."

Mtoto nimeshamwombea nafasi kwa dada yangu, begi liko tayari, gari la Iringa linatoka asubuhi. Lakini ndugu zangu, moyoni mwangu sijui kati ya hao wawili nani atapanda, mume au askari. Mlio kwenye ndoa, wanaume kwa wanawake, nisemesheni kabla sijakata tiketi. Niende, au nimwache amalize kazi yake kwa amani?