Matembezi Ndani ya Fungate

Kwetu Ujiji bibi harusi hatoki nje mpaka fungate iishe. Yangu haijafika hata nusu, mume wangu akasema twende tukatembee, tukaone ziwa. Mama yangu, ambaye kwa mambo ya mila alikuwa mkali kuliko mashehe, akasema nendeni. Hapo hapo ningepaswa kujua kuna jambo.

Nilijua nilipopanda gari. Mume wangu alikuwa bwana shamba, na nyuma ya Landrova ya serikali aliyopewa alikuwa amefunika turubai. Chini ya turubai ilichungulia kona ya sanduku langu la bati. Nani anakwenda matembezini na sanduku? Miaka ile mabwana shamba walikuwa wakipelekwa kwenye vijiji vya ujamaa, leo huyu, kesho yule. Lakini siku ya posa nilitoa sharti moja mbele ya wazee: nisitolewe Ujiji. Mama hakuwa na mtoto mwingine. Mume wangu alikubali, tena kwa kuapa.

Nikanyamaza, nione atasema lini.

Alianzia kwenye mnara wa wale wazungu wawili waliokutana Ujiji zamani. Nimezaliwa nikiuona, naye akanieleza habari zake kana kwamba nimeshuka melini jana. Nikamwambia nimeshaona, twende. Kigoma tukasimama stesheni. Akanionyesha reli inapoishia, akasema watu wanaondoka hapa na wanarudi, safari si kifo. Nikamkazia macho. Akaanza kusifia madirisha ya jengo.

Ufukweni Bangwe hakukuwa na cha kuona. Kilikuwa kiangazi, moshi wa nyasi zinazochomwa umetanda juu ya maji, na milima ya Kongo haionekani. Hata hivyo alinyoosha kidole, akaniambia ipo pale, ingekuwa masika ningeiona. Alininunulia migebuka, samaki wa ziwa letu, ya kuchoma. Sikuonja. Nilishindwa hata kukaa. Nilikwenda na kurudi kwenye mchanga na miguu yangu ya hina, watu wakinitazama. Nilitaka aseme, na niliogopa atakaposema.

Kwenye njia panda ya Mwanga akasimamisha gari. Kulia ni Ujiji, kushoto ni Mwandiga na vijiji vya mbele. 

"Wamenihamisha," akasema. "Kazi naanza kesho."

"Mama anajua?"

"Ndiye aliyefunga sanduku. Alisema nikikwambia pale nyumbani, hutaondoka."

Nilimchukia, nikamchukia na mama. Njia nzima nilikuwa nikimlinda mama moyoni, kumbe yeye alikwisha kuniachia niende. Nikamwambia mume wangu ageuze kulia, turudi Ujiji. Alidhani ndiyo basi, ndoa imekwisha, lakini hakubisha.

Mama alikuwa uani. Kitanda changu alikuwa amekitoa juani, godoro amelisimamisha ukutani, kama chumba alichohama mpangaji. Aliponiona hakuinuka.

"Umesahau nini?"

"Kuaga, mama."

Akajifunika uso kwa kanga. Nikakaa naye pale chini, bega kwa bega. Nje Landrova ilikuwa bado inanguruma. Baada ya muda mume wangu akaizima.